The Tote, Collingwood: zulia linanata, besi inakufika mbavuni

Kwa miaka minne nilikuwa nikipita mbele ya The Tote, baa ya muziki wa rock, na mifuko yangu ya unga na mchicha, nikidhani ni jengo linalosubiri kubomolewa. Liko kwenye kona ya mitaa ya Johnston na Wellington, Collingwood, hapa Melbourne. Mimi nakaa jirani, kwenye yale maghorofa marefu ya serikali, ghorofa ya tisa, na majirani zangu wengi ni Wasomali, Waethiopia na Wasudani. Jumamosi usiku, upepo ukielekea kwetu, nilikuwa nasikia besi ikija mpaka kitandani. Wimbo wenyewe haufiki, ni besi tu. Mtu aliyepiga besi miaka kumi na moja katika baa za Temeke na Sinza hapati usingizi akiitwa namna hiyo.

Aliyenipeleka ni mzee mmoja wa humu jengoni. Tulikutana kwenye lifti, gitaa langu mgongoni. Akauliza, "Besi?" Nikamwambia naam, besi. Basi ghorofa tisa zikatosha kuniambia kwamba tangu 1977 hadi 1983 alikuwa akipakia na kupakua mitambo ya bendi, leo Melbourne, kesho Sydney, keshokutwa Adelaide, na kwamba mgongo wake ulimalizikia kwenye ngazi za baa. Tangu siku hiyo namwita Mzee, na amelizoea jina.

Getini usiku ule nilitoa dola 20. Ukiingia unakutana na baa ya mbele, yenye giza kidogo, mabango ya bendi yamebandikwa juu ya mabango ya zamani zaidi. Nyuma yake ndipo kilipo chumba cha bendi, ghorofani kuna baa nyingine ndogo, na nje kuna ua wa kupunga upepo. Zulia linanata kweli. Kila ukinyanyua mguu unasikia kama plasta inabanduliwa, na wenyeji wanalitaja zulia hilo kwa mapenzi kama watu wanavyotaja mto wa kijijini kwao.

Waliopiga walikuwa wasichana watatu: gitaa, besi, drams. Jukwaa ni la chini na hakuna kizuizi, kwa hiyo mimi na mpiga besi tulikuwa tumeachana hatua mbili tu. Hapo nikaelewa kitu ambacho rekodi haziwezi kukufundisha. Katika dansi letu besi inatembea, inauliza na kujibu, inacheza na tumba. Hapa besi inasimama kama nguzo. Noti ileile, nane kwa nane, haitikisiki, na gitaa la ridhimu linaegemea juu yake. Nikiwa nyumbani ningesema ni uvivu. Nikiwa mbele ya spika ile nilihisi mbavu zinahesabu mapigo zenyewe, nikaona kwamba kuitunza noti moja kwa dakika tatu bila kuyumba, mbele ya watu mia waliokunywa, ni kazi ya mtu mzima.

Mzee akaniinamia sikioni: "Ni vigae."

Nilidhani amelewa. Akanivuta mpaka uani, akaanza kunieleza, na maelezo yake ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika haya.

Kuanzia 1916 majimbo kadhaa ya Australia yalifunga baa saa kumi na mbili jioni. Wafanyakazi wakitoka kazini saa kumi na moja walikuwa na saa moja tu ya kunywa, basi walikunywa kwa kusukumana. Wenye baa wakaweka vigae ukutani ili baada ya kufunga wasafishe kila kitu kwa maji ya mpira. Hapa jimboni Victoria sheria hiyo ilidumu mpaka 1966. Baa ziliitwa hoteli kwa kuwa leseni iliwataka wawe na vyumba vya wageni, kwa hiyo ndugu yangu ukiona neno "Hotel" kwenye mlango wa Collingwood au Richmond usiende kutafuta wali na maharage. Masaa yalipoongezwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 umri wa kunywa ukashushwa kutoka 21 hadi 18 katika majimbo kadhaa, wenye baa walikuwa na kumbi kubwa zenye vigae na vijana wengi wa kuzijaza. Kilichokosekana ni muziki.

Sasa piga gitaa ndani ya chumba cha vigae. Sauti haipotei, inagonga ukuta na kukurudia. Chombo laini kinamezwa, wimbo wenye mapambo mengi unageuka kelele. Bendi zilizodumu ni zile zilizopunguza: riff moja, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, mpiga drams mzito, mwimbaji mwenye koo la kuita ng'ambo ya mto. AC/DC walianza hivyo Sydney mwishoni mwa 1973, na mpaka leo ukimsikiliza Malcolm Young wao akilishika gitaa la ridhimu unasikia mtu anayejua chumba kitamrudishia nini. Cold Chisel walitoka Adelaide, na Jimmy Barnes wao, aliyezaliwa Glasgow kama Malcolm na ndugu zake, aliimba kama anayegombana na chumba kizima. Kulikuwa na The Angels wakiongozwa na Doc Neeson. Kulikuwa na Rose Tattoo. Midnight Oil walijijenga kwenye Royal Antler huko Narrabeen, pwani ya kaskazini ya Sydney, kabla mwimbaji wao Peter Garrett hajawa waziri serikalini. INXS nao walilelewa na baa hizo, na mwaka 1991 wakaujaza uwanja wa Wembley.

Mzee anasema jambo lililowakomaza ni hadhira. Watu hawakuwa wamekuja kuwaona wao. Walikuja kunywa, na bendi ilikuwa na nyimbo mbili tu za kuwafanya wageuke. Ukishindwa, mikebe inaruka. Ukiweza, kesho ni baa nyingine, na keshokutwa nyingine, usiku nne au tano kwa wiki, halafu lori usiku kucha kilomita karibu 880 mpaka Sydney. Nikamuuliza vyombo vilikuwa vya nani. "Vya bendi, au vya deni la bendi." Hilo lilinigusa. Kwetu vyombo vilikuwa vya mashirika, na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Bendi ya Mlimani Park yenyewe ilichukua jina la baa iliyowaweka. Wao walikopa, wakanunua mitambo yao na lori lao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bendi kubwa zikaanza kudai mgawo mpya: sehemu kubwa ya kiingilio iende kwa bendi, mwenye baa abaki na mauzo ya bia. Mpiga muziki akijua kila kichwa getini ni pesa yake, anapiga tofauti. Mimi nililipwa mshahara uleule ukumbi ukijaa au ukiwa na paka wawili, kwa hiyo najua ninachosema.

Sitaki kuipamba enzi ile kupita kiasi. Mpaka katikati ya miaka ya 1960 wanawake walikuwa hawaruhusiwi kunywa kwenye baa za mbele sehemu nyingi. Mwaka 1965 wanawake wawili, Merle Thornton na Rosalie Bogner, walijifunga minyororo kwenye baa ya Regatta Hotel, Brisbane, kupinga hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Chrissy Amphlett, mwimbaji wa bendi ya Divinyls, alisimama mbele ya kumbi zilizojaa wanaume akiwa na sare ya shule, akawatisha yeye badala ya wao kumtisha. Usiku wa kwanza The Tote, nikiwatazama wale watatu jukwaani na wasichana wengi waliosimama mstari wa mbele bila kubughudhiwa na mtu, nilifurahi kwamba niliikuta enzi hii na si ile.

Kilichoua mambo ni vitu kadhaa, vingine vizuri. Desemba 1982 polisi wa New South Wales, jimbo la Sydney, walianza kuwapima madereva pumzi barabarani bila mpangilio maalumu. Hatua hiyo imeokoa watu, wala silalamiki, lakini watu wakaacha kuendesha gari kwenda baa ya mbali kuona bendi. Halafu zikaja mashine za kamari, Victoria mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katika baa za New South Wales mwaka 1997. Mashine haiombi mitambo wala haichelewi kufika. Kuna baa moja kaskazini mwa jiji, jina nalihifadhi, ambako Mzee alinipeleka kwanza akitaka nione mahali alipowahi kushusha spika usiku mmoja wa mvua. Jukwaa lilikuwa limeng'olewa. Mahali pa drams palikuwa na mashine sita zikiwaka taa, na mama mmoja amekaa mbele ya moja wapo, mkoba mapajani, haongei na mtu. Bia ilikuwa ya moto, na mhudumu alipoulizwa kuhusu bendi akatuonyesha televisheni. Mzee hakumaliza glasi yake.

The Tote haikuponea kwa bahati. Januari 2010 ilifungwa, kwa sababu leseni mpya zilizihesabu baa za muziki kuwa za hatari kubwa na kuzitaka ziajiri walinzi kwa gharama ambayo chumba kidogo hakiwezi kubeba. Watu walifunga barabara ya Johnston kwa kusimama tu. Tarehe 23 Februari mwaka huo maelfu kwa maelfu waliandamana katikati ya jiji hadi bungeni. Tarehe hiyo waliichagua kwa makusudi: siku kama hiyo mwaka 1976, AC/DC walipanda nyuma ya lori na wapiga zumari za Kiskoti, wakarekodi video wakiteremka Swanston Street. Katikati ya mwaka 2010 baa ikafunguliwa tena, na mwaka 2014 Victoria ikabadilisha kanuni za mipango miji: anayejenga nyumba mpya karibu na ukumbi wa muziki ndiye anayewajibika kuzuia sauti isimfikie. Mwaka 2023 jengo lilipotangazwa kuuzwa, wenye baa nyingine ya rock ya hapa mjini wakachangisha dola milioni 3 kutoka kwa watu wa kawaida, wakalinunua. Mzee alitoa dola 50 kutoka kwenye pensheni yake. Aliniambia hilo huku akitazama pembeni, kama mtu anayeungama.

Mambo ya kukusaidia ukienda. Panda tramu namba 86, shuka Smith Street inapokatana na Johnston, kisha tembea upande wa mashariki. Nunua viziba masikio duka la dawa kabla hujafika, maana mtu asiyevivaa atasikia filimbi kichwani mpaka Jumatatu. Vaa viatu usivyovionea huruma. Bendi hapa haitunzwi kwa kubandikwa noti kwenye paji la uso. Ukitaka kuwaonyesha umependa, nunua fulana yao mezani baada ya shoo, pesa hiyo ndiyo mafuta ya gari lao. Fundi mitambo wa usiku ule alistahili pongezi: drams na sauti vilisikika kila kimoja peke yake, na besi haikufunika mtu. Mimi binafsi naipa nyota zote tano, na nimerudi mara sita.

Mara ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita. Saa saba usiku taa ziliwashwa, watu wakatoka wakibandua viatu kwenye zulia, na yule msichana wa besi akawa anahangaika peke yake na kasha la spika kubwa kuliko yeye. Kabla sijageuka Mzee alishaliinamia, mgongo wake na yote. Nikamwambia aache. "Shika upande wa pili," akasema, "na usiinue kwa kiuno." Tukalitoa kwa mlango wa pembeni, taratibu, yeye akihesabu hatua kwa sauti mpaka kwenye gari.