Kipima umeme cha nyumbani: kipi ununue ukitaka kiongee na Home Assistant

Wati 100 zikiwaka mfululizo usiku na mchana ni uniti 2.4 kwa siku, yaani uniti 72 kwa mwezi wa siku 30. Mteja wa TANESCO aliye kwenye D1, daraja la matumizi madogo ya nyumbani, analipa shilingi 100 kwa kila uniti kabla ya kodi hadi uniti 75, zikizidi hapo ni 350. Kwa hiyo wati 100 tu zinakaribia kumaliza fungu lote la bei nafuu kabla hata chai haijachemka. Wala hazihitaji mtambo: king'amuzi, ruta, sabufa isiyozimwa na friji lililochoka mpira wa mlango zinatosha. LUKU itakuonyesha uniti zilizobaki, ila nani kazila haisemi. Kenya nao wana ngazi zao, uniti 30 na uniti 100 kwa mwezi, na fumbo ni hilohilo.

Kifaa cha kulifumbua ni kipima umeme kinachotuma namba zake kwenye mfumo wa nyumba janja. Mfumo ninaoulenga hapa ni Home Assistant, kwa sababu ni wa bure, unakaa kwenye kompyuta ndogo humohumo ndani, na tangu Agosti 2021 una ukurasa wake maalumu wa nishati.

Napanga kwa vigezo viwili. Kwanza, bando likiisha kipimo kiendelee. Kifaa ambacho lazima kipeleke namba ng'ambo ndipo zirudi sebuleni kwangu nakishusha daraja, hata kama programu yake ya simu inapendeza. Pili, kipime volti na siyo ampea peke yake. Kinachodhani volti ni 230 siku zote, wakati mtaani kwenu zinashuka kila jioni, kitakuzidishia matumizi, na kwenye mota za pampu na feni kitazidisha zaidi.

1. Shelly EM

Kwa nyumba ya fezi moja, nunua hiki. Kinatengenezwa na kampuni ya Bulgaria, kinatosha kiganjani, na kina njia mbili za kupimia. Kila njia ina klampu yake, kibano kinachouzunguka waya na kuupima bila kuukata. Klampu ya kwanza unaifunga kwenye waya mkuu, ya pili kwenye kile unachokituhumu: AC, hita ya maji au pampu. Kinapima volti, kinatoa wati za sasa hivi pamoja na jumla ya uniti, na kinaongea na Home Assistant kupitia Wi-Fi ya ndani bila kupita mtandaoni. Ukikiunganisha na Wi-Fi yako, Home Assistant hukigundua chenyewe na unabaki kukubali tu. Angalia ruta yako iwe inatoa masafa ya GHz 2.4, maana kifaa hiki hakina mengine.

Kazi iko kwenye boksi la breka, na hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati Tanzania. Mita yenyewe na lakiri yake msiiguse. Klampu inakaa upande wako, baada ya meini swichi. Fundi anazima meini swichi, anafunua boksi, anatafuta waya wa laivu unaotoka kwenye swichi hiyo, anafungua klampu na kuifunga kwenye waya huo mmoja. Akifunga laivu na nyutro kwa pamoja, simu itasoma sifuri hata pasi ikiwa inawaka, kwa sababu umeme unaokwenda na unaorudi hufutana. Pembeni ya klampu kuna kamshale kanakotakiwa kuelekea kwenye matumizi. Mwambie asiondoke kwanza. Washa birika, tazama simu: zikija wati 2,000 hivi, sawa, zikija na alama ya kutoa mbele, klampu imegeuzwa, azime tena aigeuze.

Jambo moja linawapita wauzaji wengi. Klampu zote mbili lazima ziwe kwenye fezi ileile inayolisha kifaa, kwa kuwa volti kinazopima ni za fezi hiyo tu. Nyumba yako ikiwa ya fezi tatu, acha EM uchukue Shelly 3EM. Na uliza mapema klampu ni ya ampea ngapi, 50 au 120. Ya 50 inatosha nyumba nyingi za kawaida.

2. PZEM-004T na ESP32

Hiki ndicho cha bei ya chini kuliko vyote, na kwa vipimo hakioni aibu mbele ya Shelly. Toleo la tatu linapima volti 80 hadi 260, linafika ampea 100 kwa klampu yake, na linakumbuka jumla ya uniti hata umeme ukikatika. Unakiunganisha na ESP32, bodi ndogo ya kielektroniki yenye Wi-Fi, unaandika mistari michache ya ESPHome, programu inayoiunganisha bodi hiyo na Home Assistant, kwisha. Kama mistari hiyo hujawahi kuiandika na hupendi kujifunza, ruka kipengele hiki bila kinyongo. Vilevile kinauzwa kikiwa uchi, chenye skrubu za volti 230 zilizo wazi. Bila boksi la plastiki lenye mfuniko sikishauri kwenye nyumba yenye watoto.

3. Tapo P110

Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa boksi la breka, hili ndilo jibu. Ni plagi yenye pini tatu kama za kwetu: unaichomeka kwenye soketi, kifaa kinachomekwa juu yake. Home Assistant inaisoma kwa mtandao wa ndani, ingawa itakuomba akaunti ya TP-Link wakati wa kuunganisha. Mwisho wake ni ampea 13. Inafaa sana kwa friji na friza, vitu ambavyo lebo ya wati haikuambii ukweli kwa sababu kompresa inawaka na kuzima. Iache wiki nzima kwenye friji ndipo uhukumu. Hita ya kuoga inayochemsha papo kwa papo haihusiki hapa kabisa.

4. Klampu za Tuya

Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi utazikuta kwa majina ya kila aina, na ndani ni mfumo uleule wa Tuya. Njia yake ya kawaida hupita kwenye seva za kampuni. Kuzifanya ziongee ndani kwa ndani kunawezekana, kwa kutafuta funguo za kifaa, kazi inayochosha. Baadhi hutoa wati bila jumla ya uniti, kwa hiyo utailazimisha Home Assistant ijumlishe yenyewe. Ukiipata kwa bei ya kutupa, sawa.

Mwenye nyumba kubwa anayetaka kuona kila breka peke yake aitazame IoTaWatt yenye njia 14, inayotunza takwimu zake mwenyewe. Kuiagiza kutoka nje ni gharama, na kwa nyumba ya vyumba vitatu naona ni anasa.

Chochote utakachochukua, tenga hela ya vitu viwili zaidi: diski ya SSD ya kompyuta hiyo badala ya kadi ya kumbukumbu, maana katakata ya umeme huziua kadi, na UPS ndogo ya kubeba kompyuta na ruta.

Ukishaunganisha, tengeneza kihesabu cha mwezi ndani ya Home Assistant na ukiagize kikutumie ujumbe uniti zikifika 60, kama uko D1. Kwenye sehemu ya bei, wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, aandike 356.24, ambayo ni shilingi 292 pamoja na VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Wa D1 aandike 122. Kodi ya jengo inayokatwa ukinunua LUKU usiichanganye humo, haina uhusiano na uniti ulizotumia.