Subaru kwa macho ya daktari wa mifugo wa Molo

Ukitaja Subaru hapa Kenya, wengi humwona kijana mwenye bomba la moshi linalonguruma, akiyapita malori matatu kwa mpigo kwenye mteremko wa Salgaa. Jina hilo limeganda. Mimi nina jina jingine la kuwapa. Ni daktari wa mifugo, ninazunguka Molo, Elburgon, Keringet na Olenguruone, na Subaru Forester ya mwaka 2009, lita 2.0 isiyo na tabo (kile kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), ndiyo ofisi yangu. Naandika kwa sababu naona kampuni hii ikihukumiwa kwa mwendo wa madereva wake, ilhali gari lenyewe lilibuniwa kwa kazi inayofanana sana na yangu: kumfikisha mtu kazini mahali ambapo barabara imekwisha.

Nianze na buti, maana hapo ndipo gari langu hupimwa. Nyuma nabeba mtungi wa nitrojeni ya majimaji wenye mbegu za fahali, ambazo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Pembeni kuna katoni ya chupa za kalsiamu, kamba za kuzalishia, ndoo na gambuti. Mtungi ule ni lazima usimame wima. Ukilala na nitrojeni ikamwagika, mbegu zinaharibika, na ng'ombe wa mtu atasubiri siku ishirini na moja nyingine kabla ya kupata joto tena. Nimewahi kuubeba mtungi huo katika pikapu na magari marefu ya kila aina, na kwenye kona za kuteremka Keringet nilikuwa naushika kwa mkono mmoja. Katika Forester naufunga kwa mkanda, naendesha kwa mikono miwili, na sigeuki nyuma.

Sababu iko chini ya boneti. Injini ya Subaru haikusimama. Silinda zake nne zimelala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, pistoni zikienda na kurudi zikielekeana. Kwa hiyo injini ni fupi, ni bapa, na inakaa chini karibu na ekseli. Nyuma yake kuna gia, halafu shafti inanyooka hadi difu ya nyuma, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu, na uzito wa kulia unalingana na wa kushoto. Mtu aliyebeba ndoo mbili za maji mikononi hutembea kwenye utelezi kwa utulivu kuliko aliyejitwika mtungi mmoja kichwani. Magari mengi ya kimo hiki ni ya kujitwika. Hili ni la ndoo mbili.

Kwa nini kampuni moja ing'ang'anie injini ya namna hiyo tangu miaka ya 1960, wakati karibu wenzake wote Japani wamesimamisha silinda zao? Historia yake inajibu. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima aliacha jeshi la majini akaanzisha karakana ya ndege huko Ota, mkoa wa Gunma. Hadi Vita vya Pili vya Dunia, Nakajima ilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya ndege Japani. Ndiyo iliyounda ndege ya kivita ya Hayabusa, na hata ile Zero maarufu, ambayo ilisanifiwa na Mitsubishi, nyingi zake zilitengenezwa na Nakajima. Ni ndege za vita, na vita vile viliua watu wengi mno. Sitalipamba hilo. Lakini wahandisi waliokulia mle walifundishwa mambo mawili ambayo hawakuyaacha: kila kilo ina gharama yake, na chombo kisicho na mizani hakifai.

Vita vilipoisha mwaka 1945 walikatazwa kuunda ndege, na baadaye kampuni ikavunjwa vipande vipande. Mwaka 1946 mafundi wake walitoa skuta iliyoitwa Rabbit, na zile za kwanza zilitumia matairi ya mkia wa ndege ya kudondosha mabomu yaliyokuwa yamebaki stoo. Mwaka 1953 kampuni tano kati ya zile zilizogawanyika ziliungana chini ya Fuji Heavy Industries. Ndiyo maana nembo ya Subaru ina nyota sita za Kilimia: moja kubwa na tano ndogo. Jina la Subaru Corporation lilikuja baadaye sana, mwaka 2017.

Gari lililowapa umaarufu ni Subaru 360 la mwaka 1958. Mhandisi wake, Shinroku Momose, alitoka Nakajima. Alitaka watu wazima wanne waenee ndani ya kigari chenye injini ya sentimita za ujazo 356, na akafanikiwa kwa kutumia bodi la bati jembamba lisilo na fremu ya chini, gari zima likiwa halifiki kilo 400. Japani walilipenda. Marekani lilikuwa balaa. Mfanyabiashara Malcolm Bricklin alianza kuliingiza kule mwaka 1968, na mwaka uliofuata jarida la Consumer Reports likaandika kwamba halikubaliki kwa usalama. Kampuni ambayo leo inasifiwa Marekani kwa usalama iliingia nchi ile kwa aibu. Nawaambia hili wapenzi wenzangu wa Subaru wanaozungumza kana kwamba nyota zile sita zilishuka kutoka mbinguni zikiwa zimekamilika.

Injini ya kulala ilikuja na Subaru 1000 ya mwaka 1966. Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani. Mafundi wake walitakiwa kufikia nyaya milimani wakati wa theluji, nao walikuwa wakitumia jipu: zilipanda vizuri, lakini ndani ni baridi na zinamchosha mtu. Wakaomba gari la kawaida, lenye joto na starehe, ambalo magurudumu yote manne yanavuta. Subaru wakatengeneza machache ya majaribio, na mwaka 1972 wakaanza kuuza Leone Estate Van ya magurudumu manne.

Fundi wa umeme aliyeitwa usiku kwenye theluji, na mimi ninayepigiwa simu saa tisa usiku kwamba ng'ombe amezaa na hawezi kuinuka, shida yetu ni moja. Homa ya maziwa haisubiri mvua ikatike. Ng'ombe aliyepungukiwa kalsiamu anaweza kufa ndani ya saa chache, na mama mwenye ng'ombe huyo mmoja ndiye anayelipia karo kwa maziwa yake. Mwezi wa Aprili na Mei udongo wa kupanda Kuresoi huwa sabuni tupu. Nimeyaacha matrekta na boda boda pembeni, nikapanda taratibu kwa gia ya kwanza bila kukanyaga mafuta kwa fujo, gari likijigawia nguvu lenyewe mbele na nyuma. Nikifika nina nguvu za kufanya kazi, mikono haitetemeki na ninaiona mishipa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema Subaru ni gari la mbio. Mwendo wake ni ziada. Zawadi yake ni kukufikisha ukiwa hujachoka.

Hata hivyo, sifa ya mbio haikuokotwa. Januari 1989 Legacy ilikimbizwa kwenye uwanja wa majaribio huko Arizona kilomita 100,000, usiku na mchana, ikasimama kwa huduma tu, ikapata wastani wa kilomita 223 kwa saa. Mwaka uliofuata Patrick Njiru wetu akaileta Legacy ya Kundi N, lile la magari yanayokaribiana sana na yale yanayouzwa dukani, hadi mwisho wa Safari Rally katika nafasi ya nane. Gari la kundi hilo lilikuwa halijawahi kumaliza Safari. Mwaka 1993 akarudi na Vivio, kigari cha sentimita za ujazo 660, akashinda daraja lake na kumaliza wa kumi na mbili kwa jumla. Sisi tuliokuwa watoto miaka ile tulisikiliza matokeo redioni kama wengine wanavyosikiliza mpira. Kisha zikaja Impreza za buluu na manjano, zenye vyuma vya kuzuia wanyama mbele na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi paani, helikopta ikitangulia kuangalia ng'ombe barabarani. Kenneth Eriksson alimaliza wa pili Safari mwaka 1996, kisha Colin McRae akashinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Ubingwa wa dunia wa watengenezaji ulikwenda kwa Subaru miaka mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Kwa hiyo kijana wa Salgaa ana cha kujivunia. Ila McRae alikuwa na barabara yake na helikopta juu. Kijana wetu ana matatu iliyojaa watu mbele yake.

Sasa ubaya, na sitaufunika.

Injini za lita 2.5 za familia ya EJ, hasa za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, zilijulikana dunia nzima kwa kuvujisha gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya silinda na kichwa cha injini. Nyingi ya zile zinazoletwa kwetu kutoka Japani ni lita 2.0, ambazo zina nafuu kubwa, lakini ukiona Outback ya 2.5 ya miaka ile kwa bei ya kuvutia, mlete fundi aangalie maji na oili kabla hujatoa hata shilingi. EJ pia hutumia mkanda wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa vali na pistoni, unaobadilishwa karibu na kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugonga pistoni, na hapo unazungumzia injini nyingine. Familia mpya ya FB, iliyoanza mwaka 2010, ina cheni badala ya mkanda. Nayo ilikuja na tabia ya kula oili: wenye magari Marekani walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 suluhu ikafikiwa ya kuwaongezea muda wa dhamana. Halafu mwaka 2017 kampuni ikakiri kwamba kwa miaka mingi viwandani Gunma ukaguzi wa mwisho wa magari ya soko la Japani ulifanywa pia na watu wasiokuwa na idhini. Kwa kampuni inayojivunia uhandisi, hilo liliniuma.

Kuna pia gharama za kila siku. Plagi zimekaa ubavuni karibu na chasisi, kwa hiyo kazi ya nusu saa kwenye Toyota hapa inamla fundi muda mrefu, na atakudai. Petroli: mimi hupata kama kilomita kumi kwa lita lami ikiwa tupu, na chini ya hapo kwenye matope. Anayetaka kubana mafuta anunue gari jingine. Matairi nayo ni lazima yafanane yote manne, saizi na kiasi cha kulika. Watu hununua moja jipya na kubakiza matatu vipara, kisha difu na klachi ya kugawa nguvu zikichoka wanalaumu Japani. Gari likikwama, usikubali livutwe magurudumu mawili yakiwa chini na mengine juu. Liende juu ya lori.

Fundi wangu wa Nakuru, mzee aliyeanza na Leone, huniambia kila nikienda: "Daktari, hizi hazifi kwa mwendo. Zinakufa kwa kiu." Anamaanisha oili. Mimi huchomoa kijiti cha oili kila Jumapili kabla ya kanisa, na hadi leo injini yangu haijafunguliwa. Nyingi ya Subaru mbovu zinazotangazwa mtandaoni zilinunuliwa na mtu aliyemaliza pesa zote kwenye kununua, akakosa za huduma. Spea zipo, Nakuru na Kirinyaga Road jijini Nairobi, ila kuna feki. Niliwahi kuuziwa chujio la oili katika duka moja ambalo fundi alilikata mbele yangu tukakuta karatasi nyepesi ya ajabu. Tangu siku hiyo nanunua nikiwa na namba ya spea mkononi, na boksi linafunguliwa kaunta.

Wapo wanaosema Subaru si Subaru tena kwa kuwa Toyota ina takriban asilimia 20 ya hisa. Sioni ubaya. General Motors walikuwa na hisa kabla yao, na Nissan kabla ya hapo, na silinda bado zimelala. Zaidi ya hayo, gari la michezo walilolitoa pamoja mwaka 2012, BRZ kwa Subaru na 86 kwa Toyota, lilijengwa Ota na injini yake ni hiyo hiyo ya kulala.

Kama kazi yako ni Nairobi, ofisini na nyumbani, kwa kweli huihitaji, na foleni ya Waiyaki Way itakumalizia mafuta bure. Kama unaishi kunakonyesha, unabeba kitu kisichotakiwa kumwagika na una fundi anayeijua injini hii, tafuta Forester ya lita 2.0 isiyo na tabo, ambayo mwenyewe anaweza kukuonyesha risiti za huduma. Iwashe ikiwa baridi asubuhi, usikubali uikute imeshapashwa moto. Angalia tangi dogo la maji kama kuna mapovu au utando wa oili, uliza mkanda ulibadilishwa lini na wapi, na soma namba za matairi yote manne. Muuzaji akianza kukuharakisha hapo, ondoka. Zipo nyingine.