Kolibri darasani: iache video kwanza, anza na mazoezi

Kolibri ni programu ya bure inayogeuza kompyuta moja kuwa seva ya masomo kwa darasa zima, bila bando. Wanaoitengeneza ni Learning Equality, shirika lisilo la faida la Marekani, walewale waliotoa KA Lite mwaka 2012 ili video na mazoezi ya Khan Academy yafike kusikofika intaneti. Unapakua masomo mara moja mahali penye mtandao mzuri, unarudi nayo shuleni, na wanafunzi wanayafungua kwa kivinjari cha simu, kishikwambi au kompyuta yoyote iliyounganishwa na ruta yako. Inakubali Windows, macOS, Linux na Android, na skrini zake zipo kwa Kiswahili.

Tunaipa alama za juu, ila kwa sababu tofauti na ile inayosifiwa zaidi. Watu huipenda kwa ukubwa wa maktaba yake. Matokeo yake shule inapakua kila kitu, diski inajaa, vipindi vinaishia kwenye kutazama video, na baada ya muhula kompyuta inafungiwa ofisini. Aliyeanza na mazoezi na ripoti za mwalimu huwa bado anaitumia.

Mwalimu anaona nini

Chukua Darasa la Sita, mada ya kujumlisha sehemu, swali 1/2 + 1/3. Kwenye madaftari utaona waliopata na waliokosa, na ukiwa na wanafunzi 70 utamaliza kusahihisha kesho kutwa. Kwenye Kolibri unafungua ripoti ya zoezi hilo, unaingia kwenye orodha ya maswali yaliyowashinda, unabofya swali, na majina ya waliokosa yanatokea. Bofya jina moja, utaona jibu aliloandika kila alipojaribu. Kundi moja limeandika 2/5: wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kundi jingine limeandika 2/6: hawa KDS (kigawe kidogo cha shirika) wameipata, ila viasi wameviacha kama vilivyokuwa. Wote wamekosa, lakini wanahitaji mafundisho mawili tofauti, na umelijua hilo kabla kipindi hakijaisha. Unatengeneza makundi mawili humohumo kwenye programu na kila kundi unalipangia somo lake.

Zoezi halihesabiwi kuwa limekamilika kwa sababu mtoto amefika mwisho wa maswali. Mtunga zoezi huweka kigezo, kwa mfano kupata majibu 5 kati ya 5 ya karibuni, na anayekosa anaendelea kupewa maswali. Akifungua dokezo, swali hilo halihesabiki kama amelipata mwenyewe. Waelezwe hili siku ya kwanza, la sivyo watalalamika kwamba kompyuta imewaibia alama.

Haya yote yanaharibika kwa jambo moja dogo: mwanafunzi anamaliza, anampa mwenzake kishikwambi, na hakutoka kwenye akaunti yake. Mwenzake anafanya zoezi zima kwa jina lisilo lake, na ripoti inakuwa uongo mtupu. Mfundishe kiongozi wa kila dawati kuangalia jina lililoko juu ya skrini kabla ya swali la kwanza. Kwa madarasa ya chini, unaweza kuruhusu waingie kwa jina la mtumiaji tu bila nenosiri, vinginevyo robo ya kipindi itaishia kwenye “Mwalimu, nimesahau.” Majina usiyaandike moja moja. Tayarisha orodha kwenye jedwali la Excel, ihifadhi kama faili la CSV, uliingize kwa mkupuo. Majina ya watumiaji yasiwe na nafasi katikati. Namba ya usajili ya mwanafunzi inatosha na haigongani na ya mwingine.

Wakati wa kusakinisha utaulizwa unaitumia peke yako au na kikundi. Chagua kikundi, kisha aina ya shule rasmi. Ukichagua aina isiyo rasmi, wanafunzi wanaweza kujifungulia akaunti wenyewe, na baada ya muda mfupi utakuwa na akina Juma wanne ambao ni mtoto mmoja.

Maktaba: chagua, usizoe

Masomo yamepangwa kwa chaneli, yaani mikusanyo ya mtunzi mmoja mmoja. Chaneli ya Khan Academy ya Kiingereza peke yake inakula makumi ya GB. Hakuna anayekulazimisha kuichukua yote. Kwenye ukurasa wa kuingiza masomo unafungua chaneli na kutia tiki mada unazozitaka tu. Mazoezi ni mepesi mno yakilinganishwa na video, kwa hiyo mada nzima za hisabati unaweza kuzibeba kwa bando la kawaida ukiacha video nyuma. Mtandao ukikatika katikati, rudia tu: mafaili yaliyokwisha kuingia hayapakuliwi tena.

Kutoka kompyuta ya mjini hadi ya shuleni, tumia flashi. Kolibri inatengeneza humo folda iitwayo KOLIBRI_DATA. Usiibadilishe jina wala kuiweka ndani ya folda nyingine, maana programu huitafuta hapo hapo. Ukiichungulia utakuta maelfu ya mafaili yenye majina ya herufi na tarakimu 32 zisizosomeka. Ndivyo yalivyo, hayajaharibika, na si pa kutafutia video ya usanisinuru. Kwa kuwa mafaili ni mengi, flashi ya bei ya chee inaweza kukuchukua usiku kucha. Nunua ya USB 3.0.

Kuhusu Kiswahili, tuseme ukweli: kipo, lakini ni chembamba. Kuna chaneli ya Khan Academy ya Kiswahili, hadithi za African Storybook ambazo ni nzuri sana kwa kusoma darasa la kwanza hadi la nne, na katuni za Ubongo Kids za Tanzania. Baada ya hapo unaingia kwenye Kiingereza. Kwa sekondari hilo halisumbui sana, na majaribio ya PhET ya fizikia na kemia, yanayoigizwa kwenye skrini, yanajieleza kwa picha: mwanafunzi anaunganisha betri, waya na taa, anaona elektroni zikitembea na ammita ikipanda. Kwa shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili, pengo ni kubwa.

Kero nyingine ni maswali ya Kimarekani. Bei ziko kwa dola, umbali kwa maili, urefu kwa futi. Mtoto wa Masasi anayejua kujumlisha vizuri kabisa anakwama kwa sababu hajui kuna inchi ngapi kwenye futi. Pitia kila zoezi mwenyewe kabla ya kulipanga. Mpangilio wa mada nao hufuata mtaala wa aliyetunga chaneli, si muhtasari wa TET wala wa KICD (taasisi za mitaala za Tanzania na Kenya), kwa hiyo kazi ya kulinganisha mada na wiki zako za kufundishia ni yako. Ifanye mara moja kwa muhula, ukae nayo kwenye azimio la kazi.

Dawa ya pengo la Kiswahili ni Kolibri Studio, tovuti ya shirika hilohilo ambako mwalimu anajitengenezea chaneli. Hapa ndipo tungeshauri utumie muda wako mwingi. Unafungua akaunti bure na kupewa nafasi ya MB 500. Mazoezi ya kuchagua jibu, ya kweli au si kweli na ya kuandika namba unayatunga palepale, na hayachukui nafasi ya kutaja. Video ndizo zinazomaliza nafasi: simu ikirekodi kwa 720p, dakika moja huzidi MB 60 kwa urahisi. Ipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure ya kupunguza ukubwa wa video, ishushe hadi 480p yenye takribani kbps 800, itakuwa kama MB 6 kwa dakika, na MB 500 zako zitabeba zaidi ya saa moja ya mafundisho. Ubao ukiandikwa kwa herufi kubwa, 480p inasomeka vizuri.

Ukimaliza, chapisha chaneli. Utapewa tokeni, maneno mawili mafupi yaliyounganishwa kwa kistari, ambayo mwalimu mwenzako wa shule nyingine anaweza kuiingiza na kupata chaneli yako yote. Ukirekebisha swali baadaye lazima uchapishe upya, na kila shule isasishe chaneli, la sivyo wataendelea na lile lenye kosa. Vitabu vya PDF vya Maktaba Mtandao ya TET usivipandishe Studio bila ruhusa; kwa vyovyote vile, ukurasa wa A4 kwenye simu ya inchi sita haumfurahishi mtu.

Mtandao wa ndani, mahali pa kukwama

Wengi wanaosema “Kolibri haifanyi kazi” tatizo lao liko hapa, na programu yenyewe haina kosa.

Usitegemee hotspoti. Ile ya Windows inakubali vifaa 8 tu, na za simu nyingi hazizidi 10. Nunua ruta, hata isiyo na laini ya intaneti inafaa. Unganisha seva kwa kebo ya mtandao, wanafunzi waje kwa Wi-Fi. Kisha ingia kwenye ruta uiwekee seva anwani ya kudumu. Usipofanya hivyo, Jumatatu anwani ni 192.168.0.105, Jumatano ruta imewaka upya imekuwa 192.168.0.103, na karatasi uliyobandika ukutani haina kazi tena.

Wanafunzi waandike anwani nzima, kwa mfano http://192.168.0.105:8080. Vivinjari vya siku hizi hupenda kuongeza https vyenyewe, na hapo ukurasa unagoma. Ile 8080 nayo isisahaulike. Fanya ukurasa uhifadhiwe kama alamisho kwenye kila kifaa, uachane na kuandika.

Kama seva yenyewe inafungua Kolibri lakini vifaa vingine vinagoma, kagua haya kwa mpangilio huu. Kwanza, kwenye Windows angalia mtandao umewekwa “Private”. Ukiwa “Public”, ukuta wa ulinzi unazuia wageni wote. Pili, kwenye ruta zima “AP Isolation”, kipengele kinachozuia vifaa kuonana, na mtandao wa wageni usiutumie kabisa kwa sababu hiyohiyo. Tatu, kwenye simu zima data. Simu ya Android ikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti hurudi kimyakimya kwenye data ya laini, huku alama ya Wi-Fi ikiendelea kuonekana, na mwanafunzi anaapa kwamba ameunganishwa.

Kuhusu video: vifaa 30 vikicheza video ya kbps 800 kwa wakati mmoja vinadai Mbps 24 mfululizo, na ruta ya nyumbani ya 2.4 GHz kwenye chumba chenye simu nyingi huanza kukwama. Video moja ionyeshwe kwa projekta, mazoezi yafanywe kwenye vifaa. Mazoezi hata ruta dhaifu inayamudu. Vishikwambi vile vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu wa Tanzania vinatosha kabisa kwa upande wa mwanafunzi.

Seva na umeme

Kompyuta mpakato ya zamani ni seva bora kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu betri yake inaikinga umeme ukikatika. Ipangie isilale ukifunga kifuniko. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, ni nafuu na inakula umeme kidogo, ila inataka chaja halisi ya volti 5, ampea 3. Ukiipa chaja ya simu itazimika darasa likichangamka, na kuzimika ghafla ndiko kunakoua kadi ya SD. Zaidi ya hapo haina saa yenye betri: ikiwashwa bila intaneti tarehe inakuwa ya nyuma, na ripoti zinadai kwamba jaribio la leo lilifanywa mwezi uliopita. Ongeza kipande cha saa chenye betri ya sarafu. Ruta nyingi ni za volti 12, ampea 1, hivyo UPS ndogo ya ruta inaishikilia kipindi kizima.

Tusichokipenda

Haisahihishi insha, kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili au Historia anafaidi kidogo kuliko wa Hisabati. Toleo la Android ni zuri kwa mwanafunzi kuondoka na masomo nyumbani na maendeleo yake kujisawazisha akirudi kwenye mtandao wa shule, lakini kama seva ya darasa si la kutegemewa, maana simu hupenda kuzima programu ili kutunza chaji. Na kama unachohitaji ni kamusi elezo ya kusoma tu, Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, ni nyepesi na haikudai akaunti wala ripoti.

Kabla ya kusasisha toleo, zima Kolibri kabisa, kisha nakili folda iitwayo .kolibri kwenye diski ya nje. Kwenye Windows mara nyingi iko ndani ya folda ya jina lako chini ya C:\Users. Diski ikiwa ndogo, folda ndogo ya content unaweza kuiacha, kwa kuwa masomo yanapakulika tena. Majina, alama na majibu ya wanafunzi hayapakuliki popote. Usasishaji ufanyike wakati wa likizo.