TAHADHARI: Feni ikivuma baada ya kusasisha BIOS, usipige ile namba ya "huduma kwa wateja"

Ndugu zangu, kuna utapeli unaomvizia mtu akiwa na wasiwasi. Kompyuta mpakato imesasishwa programu dhibiti, ile inayoamsha vifaa vya mashine kabla Windows haijafunguka na ambayo wengi tunaiita BIOS tu, ikajizima na kujiwasha, na tangu hapo feni haitulii. Ukiipakata, joto linapenya kwenye nguo. Jana ilikuwa kimya, leo inavuma hata ukiwa umefungua barua pepe peke yake. Unaingia mtandaoni, unaandika aina ya mashine yako na maneno "joto" na "feni", na tokeo la kwanza kabisa ni tangazo la kulipia. Ukibonyeza unakutana na nembo ya mtengenezaji, rangi zake zilezile, kitufe kikubwa cha kupakua programu ya "kupima joto bure", na namba ya simu pembeni.

Ukurasa huo si wa mtengenezaji. Angalia anwani juu ya kivinjari: jina la kampuni limo, lakini limebandikwa maneno kama "support" au "update" na kumalizikia kwingine kabisa.

Dada mmoja ninayefanya naye kazi aliipakua programu hiyo. Ilizunguka kidogo, kisha ikamwonyesha duara jekundu: prosesa (ubongo wa kompyuta) nyuzi 128 za Selsiasi, feni imechakaa, programu dhibiti imeharibika, hatari ya kuungua bodi mama. Ili "irekebishe" ilibidi alipie. Akalipa kwa kadi yake. Duara likageuka kijani, feni ikaendelea kuvuma vilevile. Alipopiga ile namba, akapokelewa na mtu mpole sana aliyemwelekeza aweke programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, akamfungulia kurasa zilizojaa alama nyekundu, kisha akamwambia kuwa sasisho limeunguza sehemu ya bodi na dawa yake ni mkataba wa matengenezo wa mwaka mzima. Malipo safari hii yawe kwa kadi za zawadi, asome namba zake kwa simu. Hapo dada akashtuka, akakata, akaniletea mashine.

Nataka kila mmoja aelewe kwa nini ile nyuzi 128 ni uongo mtupu, maana ukilielewa hilo hawakupati tena. Prosesa za kompyuta mpakato zina kikomo cha joto kilichowekwa kiwandani. Kwa Intel nyingi ni nyuzi 100 hadi 105, kwa AMD nyingi ni 95 hadi 105. Ikikaribia hapo, prosesa yenyewe inajipunguzia kasi ili ipoe, na joto likiendelea kupanda mashine inajizima bila kumwomba mtu ruhusa. Kompyuta yenye prosesa ya nyuzi 128 haiwezi kukaa imewaka inakuchorea maduara. Nilifungua HWiNFO, programu ya bure inayosoma vihisi vya mashine moja kwa moja, nikaiweka sambamba na yao. HWiNFO ilisoma 74, ikapanda hadi 81 nilipofungua video, ikashuka. Yao ilibaki 128, haitikisiki. Hiyo ni picha, haipimi chochote.

Kisha nikaiweka programu hiyohiyo kwenye kompyuta ndogo ya zamani isiyo na feni kabisa, zile zinazopoa kwa bati la ndani tu. Ikazunguka, ikatoa jibu lake: feni imechakaa, inahitaji marekebisho ya haraka. Feni ipi?

Na zile alama nyekundu alizoonyeshwa kwa simu zinatoka Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika kila kinachotokea ndani yake, ikiwemo makosa madogo yasiyo na madhara. Kompyuta mpya iliyotoka kwenye boksi leo, ikitumika siku chache tu, itakuwa nazo. Yeyote anayekufungulia daftari hilo kwa simu na kukuambia "unaona ulivyoathirika" anakutapeli, hata awe na sauti nzuri namna gani. Microsoft wenyewe wamesema wazi kwamba ujumbe wa makosa kutoka kwao hauwekwi namba ya simu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wahuni wa vichochoroni. Hapana. Machi 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Office Depot, duka kubwa lenye jina, na kampuni ya Support.com wamekubali kulipa jumla ya dola milioni 35. Madai yalikuwa kwamba programu yao ya kukagua kompyuta ilimuuliza mteja maswali manne mwanzoni, kama vile mashine yako ni nzito au la, na akijibu ndiyo hata kwa moja tu, mwishoni ilitangaza kuwa imeona dalili za virusi. Jibu lilikuwa limeshaamuliwa na swali. Machi 2024 tume hiyohiyo ikatangaza kampuni mbili zenye makao Cyprus, Restoro na Reimage, kukubali kulipa dola milioni 26 kwa madai ya kutisha watu kwa madirisha ya uongo yaliyojifanya yametoka Windows, kisha kuwauzia matengenezo. Kwa hiyo mbinu ni ileile, kinachobadilika ni kisingizio. Sasa hivi kisingizio ni sasisho la programu dhibiti.

Kinachoniuma ni kwamba utapeli huu unasimama juu ya jambo la kweli. Feni kweli inavuma, joto kweli limepanda, na sasisho kweli linaweza kuwa ndilo chanzo. Lakini sababu zake karibu zote hazihitaji kununua kitu.

Kwenye kompyuta mpakato feni huendeshwa na kidhibiti kidogo kilicho ndani ya bodi, chenye jedwali la "joto likifika hapa, feni izunguke kwa kasi hii". Sasisho linaweza kubadilisha jedwali hilo. Mtengenezaji anaweza kuamua kwa makusudi feni ianze mapema zaidi, pengine kwa sababu mashine za aina hiyo zilikuwa zinapata joto kupita kiasi. Hapo kelele imeongezeka lakini joto limepungua, na usipopima utadhani imeharibika. Sababu ya pili, na hii naiona mara nyingi, ni kwamba sasisho limerudisha mipangilio ya BIOS kama ilivyotoka kiwandani. Kwenye baadhi ya HP, kwa mfano, kuna kipengele cha kuiacha feni izunguke muda wote mashine ikiwa kwenye chaja. Kama ulikizima, kinaweza kuwa kimejiwasha. Vivyo hivyo na hali ya utendaji: ulikuwa umechagua hali ya kimya, sasa imerudi kwenye ya kasi.

Kuna na wale waliokuwa wamepunguza volti ya prosesa kwa programu kama ThrottleStop ili mashine isichemke. Desemba 2019 ulitangazwa udhaifu wa kiusalama unaoitwa Plundervolt, unaotumia njia hiyohiyo ya kupunguza volti, na masasisho ya BIOS yaliyofuata yakaifunga njia hiyo kwenye mashine nyingi. Mtu akasasisha, volti ikarudi ya kiwandani, joto likapanda, naye hajui kilichotokea. Hakuna kilichoungua hapo.

Na mara nyingine BIOS inasingiziwa tu. Sasisho limekuja pamoja na masasisho ya Windows, na baada ya kuwaka upya mashine inafanya kazi zake kimyakimya: inapanga upya faharasa ya mafaili, antivairasi inakagua diski, mengine yanapakuliwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, panga kwa safu ya CPU, yaani prosesa. Ukiona kitu kinakula asilimia 60 huku wewe hufanyi chochote, umempata mchawi wako. Iache mashine kwenye chaja usiku kucha bila kuiruhusu iingie hali ya usingizi (sleep), asubuhi uangalie tena. Kwenye Mac tumia Activity Monitor, na ukikuta kernel_task iko juu usiogope: mara nyingi ni mfumo wenyewe unaishikilia prosesa isiendelee kupasha mashine joto.

Isipotulia, pima kwa HWiNFO, mashine ikiwa imetulia na ikiwa kazini, uandike mahali. Ingia kwenye BIOS uangalie vipengele vya feni na hali ya utendaji. Zima kabisa, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia kwa takriban nusu dakika, chomeka, washa. Kwenye mashine nyingi hilo hukizindua upya kile kidhibiti cha feni. Halafu nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kuandika anwani yake mwenyewe, si kwa kupitia tangazo, weka namba ya mashine yako, uchukue draiva (programu zinazoiwezesha Windows kuongea na vifaa) za chipset, yaani za chipu za bodi mama, na za kusimamia umeme. BIOS mpya ikiwa na draiva za zamani hawaelewani vizuri kila mara. Hapohapo utaona kama toleo la BIOS la kurekebisha kasoro limeshatoka.

Kuhusu kurudi kwenye BIOS ya zamani, nenda taratibu. Watengenezaji wengine wanaruhusu, wengine wameziba kwa sababu za usalama, na umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na mashine isiyowaka. Kamwe usipokee faili la BIOS kutoka kwa mtu aliyekutumia kwa ujumbe, hata akikuapia ni la mashine yako.

Na feni yenyewe ikiwa mbovu kweli? Kuijua ni bure pia. Dell nyingi ukibonyeza F12 wakati inawaka utapata ukaguzi wa vifaa, HP nyingi ni F2, Mac za Intel unashikilia D. Ukaguzi huo umetengenezwa na kampuni iliyounda mashine na haukuuzii kitu. Sikiliza na sauti yenyewe: upepo mkali ni feni inayofanya kazi kwa bidii, lakini mkwaruzo au kugongagonga ni ubovu wa chuma na plastiki, na hakuna programu iwayo yote duniani itakayouponya. Vumbi nalo halijaletwa na sasisho. Lilikuwepo, sasa feni inalazimika kulishinda.

Utapeli huu una ndugu yake anayekaa nyuma ya meza. Ni yule fundi ambaye ukimwambia "nilisasisha BIOS ikaanza kuchemka" anakujibu kabla hajaiwasha: bodi imeungua. Mafundi waaminifu wapo, tena wengi, na utawajua kwa kuwa wanapima kwanza. Mwambie akuonyeshe joto kabla na baada. Kabla hujaiacha mashine, piga picha ya ukurasa unaoonyesha ukubwa wa RAM na aina ya diski, maana kuna wanaobadilisha kimyakimya wakiweka ndogo. Akibadilisha feni, dai ya zamani mkononi. Akikusifia "metali ya kimiminika" badala ya pesti ya kawaida ya kupitisha joto, kataa kama hamjakubaliana kwa undani: inapitisha umeme, na galiamu iliyomo hula alumini. Na kama waranti bado iko hai, usimruhusu mtu aguse skrubu yoyote. Mpigie mtengenezaji kwanza, mweleze toleo la BIOS lililoingia na tarehe.

Kwa aliyekwisha kuingia mtegoni: kata intaneti ya mashine hiyo sasa hivi, hata kabla ya kumaliza kusoma. Ondoa programu ya kuendesha kutoka mbali na ile ya "kupima joto". Badilisha nywila zako, ukianza na barua pepe na benki, lakini kwa kutumia simu au kompyuta nyingine. Piga benki uwaambie malipo ni ya ulaghai na uombe kadi ifungwe. Kama ulisoma namba za kadi za zawadi, wasiliana na kampuni iliyozitoa mara moja, wakati mwingine salio linakutwa bado lipo. Kama walikaa ndani ya mashine kwa muda na hujui walichofanya, hifadhi nyaraka zako, kisha simika Windows upya kabisa.

Kisha subiri simu ya pili. Hawa watu huweka orodha ya waliowahi kulipa. Atapiga mwingine, akisema kampuni ile imefungwa na wewe unastahili kurudishiwa pesa zako: "Fungua tu akaunti ya benki kwenye skrini nikuwekee." Atakujua kwa jina na atajua ulilipa kiasi gani. Ni walewale. Mkatie simu, ripoti namba hiyo kwa benki yako na polisi.