Tathmini ya States of Matter ya PhET: programu inayomwonyesha mwanafunzi mwenendo wa chembe

Kasoro ya michoro mingi ya kufundishia hali za maada ni kwamba huonyesha chembe za kimiminika zikiwa zimeachana, kana kwamba ziko katikati kabisa ya chembe za yabisi zilizobanana na zile za gesi zilizotawanyika. Mwanafunzi akishaishika picha hiyo, huwa vigumu kumweleza kwa nini hewa iliyo ndani ya bomba la sindano lililozibwa hubanwa kwa kidole, ilhali maji yakitiwa humo humo hayabanwi. Kwa hiyo nimeipima programu ya States of Matter kwa kigezo hicho kabla ya kingine chochote, na imekifaulu vizuri sana.

Programu hii ni kazi ya mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Eric Cornell na Wolfgang Ketterle kwa kazi yao juu ya gesi za atomi zilizopozwa hadi karibu kabisa na sifuri halisi. Haitozwi malipo, hufunguka kwenye kivinjari cha kompyuta au cha simu, na faili lake laweza kupakuliwa likatumika bila intaneti, jambo ambalo si dogo kwa shule ambayo bando linatoka mfukoni mwa mwalimu.

Ukurasa wa kwanza una chombo chenye kipimajoto, pamoja na uchaguzi wa neoni, agoni, oksijeni au maji. Ukichagua agoni katika hali ya yabisi, atomi hujipanga safu kwa safu, kila moja ikitetemeka mahali pake bila kuhama. Ukibadilisha kuwa kimiminika, safu huvunjika na atomi huanza kupenyezana na kubadilishana majirani, lakini lundo zima hubaki chini ya chombo na atomi zake bado zimegusana. Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kusimama na kuwapa wanafunzi muda wa kutazama, kwa sababu wanajionea wenyewe kwamba kinachotofautisha kimiminika na yabisi hasa ni uhuru wa kuhama, wala si umbali. Maji hulithibitisha jambo hilo kwa namna ya pekee: molekuli za barafu hushikana kwa mpangilio wenye nafasi wazi, hata sentimita moja ya ujazo ya barafu ikawa na gramu 0.92 hivi badala ya gramu moja ya maji, ndiyo maana barafu huelea.

Ukurasa wa pili una pampu ya kuongeza chembe, kidole cha kusukuma kifuniko na kipimo cha mgandamizo. Ukizidisha joto, kifuniko huruka na chembe hutoroka. Wanafunzi huupenda mno, ingawa kwa maoni yangu ukurasa wa tatu ndio wenye somo zito zaidi. Humo mna atomi mbili tu na mishale ya nguvu zinazozivuta na kuzisukuma. Ukizisogeza karibu mno zinasukumana, ukiziachanisha kidogo zinavutana, na ukiziweka mbali mvutano unafifia. Kisha mwalimu anaweza kuuliza kwa nini agoni huyeyuka kwenye kelvini 84 hivi na neoni kwenye 25 tu, na jibu likatoka mbele ya macho: wingu la elektroni la agoni ni kubwa na hupotoka kwa urahisi zaidi, hivyo atomi zake huvutana kwa nguvu kuliko za neoni na huhitaji joto zaidi ili ziachiane.

Yapo mambo matatu ambayo mwalimu hana budi kuyasema kwa mdomo wake. Kwanza, atomi zimepakwa rangi ili zitofautishwe, na mtoto anaweza kuondoka akiamini kwamba atomi ina rangi. Pili, chombo ni bapa na gesi yake imebanana kuliko gesi halisi. Katika hewa tunayovuta, umbali kati ya molekuli moja na nyingine ni wastani wa takribani mara kumi ya upana wa molekuli yenyewe, na kati yake hamna kitu chochote. Tatu, gramu 18 za maji zina molekuli zipatazo 6.02 × 10²³, hivyo chembe chache za kwenye skrini hazitoshi kuonyesha waziwazi jinsi jotoridi linavyosimama barafu inapoyeyuka, hata joto likiendelea kutiwa. Kwa somo hilo, vipande vya barafu na kipimajoto halisi vinafaa zaidi kuliko programu yoyote.

Ningependekeza bomba la sindano litangulie, lenye hewa kisha lenye maji, wanafunzi waseme wanachodhani kinatokea ndani, ndipo programu ifunguliwe. Kwa watoto wa shule ya msingi lipo toleo la Basics, ambalo limeuacha ukurasa wa atomi mbili. Kwa kidato cha kwanza na kuendelea, toleo kamili ndilo la kuchukua.