Kibubu cha kopo la maziwa na vipande vya kitenge: uzoefu wangu

Vibubu vya mbao vya mafundi seremala nimevitumia sana na sina ugomvi navyo. Vimepigiliwa misumari kila upande, ukitaka hela yako uvunje. Tatizo langu ni sura: ukikiweka sebuleni, kila mgeni anajua pale pana hela. Safari hii nikaamua kutengeneza changu.

Kopo ni la maziwa ya unga, lile kubwa. Vipande vya kitenge nilipewa bure na fundi cherehani, yeye kwake ni takataka. Nilichonunua ni msasa na gundi nyeupe ya mbao, ya chupa ndogo, na hata haikuisha. Wengi hubandika kwa uji wa unga wa ngano. Unashika vizuri tu, ila mende wanaupenda kuliko sisi tunavyopenda chapati, kwa hiyo mimi hapana.

Kopo hili unalipindua: kitako kinakaa juu, mfuniko wa plastiki unakaa chini. Tundu linatobolewa kwenye kitako kwa patasi na nyundo, ndani ukiwa umekingia kipande cha gogo ili bati lisibonyee. Urefu wake pima kwa sarafu ya mia tano, uongeze kidogo. Makali yanayokunjikia ndani yaache kama yalivyo, maana ndiyo yanayozuia mtu kupindua kopo na kutikisa hadi hela zitoke. Ya juu sugua kwa msasa, la sivyo utakatwa kidole.

Kubandika ndiko kulikonila muda. Gundi hiyo haishiki plastiki, na hata bati inashika kwa shida usipolikwaruza kwanza. Inachoshika sawasawa ni kitambaa kwa kitambaa. Basi kitenge kizungushe kopo zima, kishuke mpaka chini ya mfuniko, na kila kipande kilalie kingine. Ukishapaka gundi nyingine juu na ikakauka, kinakuwa kigumu na kinang'aa kidogo.

Nikilinganisha na cha mbao, hiki kinanizuia zaidi. Kitu ulichohangaika nacho mpaka maua yakakutana, kukichana katikati ya mwezi kwa sababu ya vocha kunauma. Na siku ya kufungua hakivunjwi. Unachana kitambaa cha chini, unatoa hela, unabandika kingine.

Kasoro zipo. Kikijaa sarafu kinakuwa kizito, na ukikinyanyua bila kushika chini mfuniko unaweza kufumuka. Kwa noti sikipendi, zinabidi zikunjwe sana. Hizo naziweka kwenye simu. Pia sarafu za mwanzo zinapiga kelele nyumba nzima ikasikia, kwa hiyo kabla hujafunika, tandika kitambaa kinene ndani ya mfuniko.