Hita ya kulala nayo kwenye kibanda cha barafu: ipi ununue, na alamu ipi

Kila ziwa likishaganda simu yangu haipoi. Wabongo na Wakenya wenzangu wa huku Minnesota wanaoanza kuvua kwenye barafu, wakilala kwenye vibanda juu ya ziwa lililoganda, wananiuliza swali lile lile, dada ninunue hita ipi nikalale ziwani Mille Lacs? Na wote wanaanzia kwenye BTU, yaani kipimo cha nguvu ya joto la hita. Mimi BTU sizipi muda, zimeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa na muuzaji atakutajia hata usipomuuliza. Nataka niongelee kitu ambacho mimi sikuambiwa na mtu, na nusura kituue.

Msimu wetu wa kwanza mimi na mume wangu tulinunua hita ya gesi ya kubebeka, ile inayowaka wazi, kampuni siitaji. Kijana wa dukani akatuambia hii ina sensa, yaani kihisi cha usalama, nyie laleni tu. Tukachukua na alamu ya kaboni monoksaidi, ya kawaida ya nyumbani, tukaitundika ubaoni karibu na mlango. Nje ilikuwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Saa tisa usiku nikashtuka kichwa kinagonga, kichefuchefu, namwita mume wangu anaitika kwa shida kama mtu aliyelewa, na begi la kulalia limelowa chapachapa. Alamu kimya kabisa, kitaa chake cha kijani kinawaka kama kawaida. Nikausukuma mlango kwa miguu, nikamvuta, tukapiga 911 tukiwa nje tumejifunika blanketi moja.

Mimi nimekulia Njombe. Kwetu baridi ya Juni na Julai siyo mchezo, na mtoto yeyote anajua jiko la mkaa halilali ndani, mama alikuwa analitoa nje kwa mkono wake kabla hajafunga mlango. Sasa hita inayowaka wazi ni jiko lile lile jamani. Inakula hewa unayovuta wewe na inatapika humo humo unamolala.

Hiyo sensa wanayoisifia inaitwa ODS. Kazi yake ni kuangalia oksijeni, ikishuka sana inazima moto, basi. Kaboni monoksaidi haiipimi kabisa. Na hiyo kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inaishika damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoishika, kwa hiyo hata kama oksijeni ipo ya kutosha chumbani na sensa imeridhika, burna ikiwa chafu au moto hauungui vizuri wewe unaendelea kujazwa tu.

Haya, alamu. Hapa ndipo naomba msome taratibu. Nilivyotoka hospitali niliigeuza ile alamu yetu nikasoma maandishi ya mgongoni, yale madogo kama mchanga: inafanya kazi kuanzia nyuzi 4.4 za Selsiasi mpaka 37.8. Alamu nyingi za nyumbani ndivyo zilivyo, zimetengenezwa kwa ajili ya korido ya nyumba yenye joto. Sisi tumeitundika karibu na mlango kwenye kibanda ambacho usiku maji ya ndoo yanaganda pale pale chini yake! Hapo hakuna wa kumlaumu kwamba haikulia, iko nje ya mipaka yake. Zipo zinazopimwa kwa ajili ya RV, yaani zile nyumba za kukokota na gari, na hizo zinatakiwa zihimili mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Tafuta maandishi UL 2034 halafu hakikisha wametaja RV. Usipoyaona yote mawili rudisha kwenye shelfu.

Hata ukipata hiyo ya RV usijidanganye kwamba inalia papo hapo. Kwa kiwango hicho cha UL, kaboni monoksaidi ikifika sehemu 70 kwa kila sehemu milioni za hewa, alamu ina ruhusa ya kusubiri kati ya saa 1 na saa 4. Ikifika 150 ni dakika 10 hadi 50, na ikifika 400 ni dakika 4 hadi 15. Kwa hiyo kichwa kikianza kuuma na alamu haijalia, toka nje kwanza.

Sasa hita zenyewe, kwa mpangilio wangu mimi, na kigezo changu ni kimoja: hewa ya kuunguzia inatoka wapi na moshi unaenda wapi.

Namba moja ni Propex HS2000, na sifichi, naipenda hii hita. Ya Uingereza, inatumia gesi ya propani, moto wake umefungiwa ndani ya chemba, bomba moja linavuta hewa ya nje na lingine linatoa moshi nje, kinachoingia kibandani ni joto kavu tu. Inatoa kilowati 1.9 hivi, gesi inakula kama gramu 142 kwa saa, kwa hiyo mtungi wa ratili 20, wenye kilo 9 za gesi, unakupa zaidi ya saa 60 ikiwaka mfululizo. Umeme ni wa betri ya volti 12, ampea 1.4, usiku wa saa 10 ni ampea-saa 14, betri ndogo inatosha (kama ni ya lithiamu usiichaji ikiwa chini ya sifuri, inaharibika, ipashe joto kwanza). Kwa kibanda chetu cha mbao cha futi 6 kwa 8 chenye povu la kuzuia baridi ukutani inatosha. Kwa kibanda kikubwa cha familia haitoshi, usiniite. Bei yake inauma kweli, mume wangu alinuna wiki nzima, sasa hivi yeye ndiye anayewasimulia watu.

Na hapo kwenye ukavu naomba niseme zaidi maana watu hawajui maji yanatoka wapi. Kilo moja ya propani ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Kale kachupa ka ratili moja kakiisha kwenye hita ya wazi kameshamwaga karibu robo tatu ya lita ya maji humo ndani kama mvuke, unapanda darini, unaganda, hita ikipamba moto unayeyuka na kukudondokea usoni. Ndiyo maana begi letu lilikuwa limelowa, na begi lililolowa kwenye baridi ile ni hatari yake peke yake. Hita yenye chemba iliyofungwa inatupa maji yote nje na moshi.

Namba mbili ni fanesi za Suburban, yaani hita kubwa za gesi za kufungwa ukutani, zile zinazowekwa kwenye vibanda vya magurudumu kama vya kampuni ya Ice Castle vinavyotengenezwa Montevideo hapa hapa Minnesota. Nazo moto wake umefungiwa ndani ya chemba, joto lake ni kubwa, ila feni inakunywa betri vibaya. Ukinunua kibanda kilichotumika, itakuwa imo tayari, mwite fundi aikague kabla hujalala hata usiku mmoja.

Namba tatu dizeli. Webasto na Eberspächer za Ujerumani ni nzuri na moshi unatoka nje, sina neno. Tatizo ni hizi kopi za bei rahisi. Nilinunua moja mtandaoni, imeandikwa kilowati 8, fundi akaifungua akaniambia dada hii ni 5 tena kwa kuisukuma. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu eti 8 ni jina la modeli! Jina la modeli! Na ile mafla, yaani kipunguza kelele cha bomba la moshi, inayokuja nayo kwenye boksi ina viungo vinavyovuja, ukiiweka ndani umerudi kule kule kwenye jiko la mkaa, lazima mafla yote ikae nje na vibano vikazwe. Ukinunua kopi, nunua na dizeli ya majira ya baridi, ya kawaida inaganda kama uji.

Namba nne ni za kubebeka zinazowaka wazi, kama Buddy za Mr. Heater (yetu ya ule usiku haikuwa hii). Portable Buddy ina BTU 4,000 na 9,000, inajizima ikianguka, ina ODS. Mchana mkiwa macho, dirisha liko wazi kidogo, sawa. Kulala nayo hapana.

Zile za kufunga juu ya mtungi zinazofanana na alizeti, za bei chee, siziweki hata kwenye orodha.

Kitu kingine ambacho hakipo kwenye kitabu chochote cha dukani. Wavuvi wote tunarundika theluji kuzunguka kibanda ili upepo usipite chini, na ni vizuri, ila bomba la moshi la hita yako limetokea wapi? Letu tulilipeleka pembeni likachomoza nje kabisa ya ukuta, halikuishia chini ya sakafu, na tuliliweka upande usio na upepo, mbali na bomba la kuvuta hewa. Upepo ukigeuka usiku theluji inalifukia. Mimi naweka alamu ya simu saa saba na saa kumi, navaa buti, natoka na tochi, nafagia kwa mkono mpaka nione mdomo wa bomba na kale kamvuke kakitoka. Dakika mbili tu.

Wakati wa kununua ni Aprili, vibanda vikishatolewa ziwani, watu wanauza mpaka vyombo. Januari bei zinapanda kila wiki na wanajua huna pa kwenda, uko na watoto na barafu imeshafika.

Na hizo alamu za RV usizitafute kwenye upande wa uvuvi. Duka ninaloendea mimi pale kwenye hita wameweka alamu za nyumbani, zimepangwa vizuri kabisa karibu na mitungi, na nimeshawaambia meneja wawili tofauti. Za RV ziko nyuma kabisa, kwenye vifaa vya matrela, shelfu ya chini, karibu na mipira ya kutolea maji ya choo.